Mwalimu Mkuu si Fundi Mkuu

Matokeo ya mitihani yakitoka, nchi hii hutafuta mtu wa kumsimamisha. Kikao kinaitishwa kwenye ukumbi wa halmashauri, mkuu wa wilaya anaingia na msafara wake, orodha ya shule inasomwa kuanzia mkiani, na wakuu wa zile za mwisho wanaambiwa wasimame wajieleze. Mtu ana miaka 25 kazini, ana wajukuu, anasimama kama mtoto aliyechelewa mstarini. Anapewa dakika mbili, na kabla ya kwanza kuisha ameshakatizwa. Jioni video inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Wiki inayofuata shule ina kaimu.

Tumeuzoea mchezo huu mpaka tunauita uwajibikaji.

Mwaka 2009 kule Bukoba mkuu wa wilaya alivuka mpaka kabisa: walimu wa shule za msingi walicharazwa viboko kwa amri yake, kisa matokeo mabaya. Rais Kikwete alimfukuza kazi, wananchi wakapiga makofi, na kila mtu akarudi nyumbani akiamini jambo limekwisha. Kilichokwisha ni viboko tu. Ile imani kwamba shule hunyooka kwa kumdhalilisha anayeiongoza bado ipo, imevaa suti, inahutubia.

Na mimi nasema uongozi wa shule zetu za umma haujaanguka kwa sababu walimu wakuu ni wavivu. Umeangushwa. Tumemchukua mwalimu, tukamtwisha kazi ya mhasibu, msimamizi wa ujenzi, mtunza stoo, mkusanya mahindi na mjaza takwimu, tukamnyima karibu kila uamuzi unaoifanya shule iwe shule, halafu tukaweka jina lake mbele ili lawama zijue pa kutua. Hachagui walimu wake. Hapangi bajeti yake. Hawezi kumwambia mzazi "lete", wala kumwambia mkubwa "hapana". Serikali ina shule za msingi zaidi ya 16,000, na karibu kila moja ina mtu wa namna hii ndani ya ofisi yenye meza moja na kabati lisilofungika.

Tuanze na fedha, kwa kuwa huko ndiko tunakodanganyana zaidi. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulifuta ada, na kuanzia Januari 2016 ruzuku ya uendeshaji ikawa inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Hilo lilikuwa jema, tena jema sana. Nani asiyekumbuka fedha zilivyokuwa zikipungua njiani zikipitia halmashauri? Lakini tazama kiwango chenyewe. Mwanafunzi wa shule ya msingi ametengewa Sh 10,000 kwa mwaka. Sh 4,000 ni za vitabu, na mwalimu mkuu hazioni. Zinazofika ni Sh 6,000. Gawa kwa miezi 12 upate Sh 500 kwa mtoto kwa mwezi. Soda huipati kwa bei hiyo.

Shule yenye watoto 600 basi inapata Sh 300,000 kwa mwezi. Humo mna chaki, karatasi za mitihani ya ndani, ukarabati, michezo na shajala za ofisi, na mgawanyo wake umeshapangwa kwa asilimia kutoka juu, kwa hiyo hata hicho kidogo hakigusi kwa akili yake mwenyewe. Choo kikijaa Machi, kinasubiri. Upepo ukiezua bati, anaandika barua. Mlinzi akidai mshahara wake wa miezi mitatu, mwalimu mkuu anaingiza mkono mfukoni au anapitia mlango wa nyuma.

Na hiyo Sh 10,000 ni ya zamani. Ni kiwango cha MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza 2002, kilipowekwa kuwa sawa na dola 10 za Marekani, wakati huo dola ikiwa haijafika hata shilingi elfu moja. Leo Sh 10,000 ni kama dola nne. Nauli ya daladala imepanda, unga umepanda, saruji imepanda. Mtoto wa shule ya umma peke yake ndiye ambaye thamani yake imegandishwa kwenye bei za miaka zaidi ya 20 iliyopita. Anayesema wakuu wa shule hawajui kusimamia rasilimali atutajie kwanza hizo rasilimali.

Basi achangishe wazazi? Jaribu uone. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango shuleni, kwa ukali ambao walimu wakuu wa wakati ule hawatausahau. Mwaka 2021 ukaja mwongozo wa kitaifa wa huduma ya chakula na lishe shuleni, na chakula chenyewe kinawategemea wazazi. Yote mawili yana nia njema. Yakutanishe sasa mezani kwa mtu mmoja. Mkuu wa wilaya anataka takwimu: shule ngapi zinapika uji? Mwalimu mkuu anaitisha kikao, wazazi wanakubaliana debe la mahindi na fedha kidogo ya mpishi. Nusu wanaleta. Watoto wa wasioleta wafanyweje? Akiwanyima uji, amewabagua. Akiwapa, walioleta wanaacha kuleta. Akimrudisha mtoto nyumbani akamwite mzazi, mzazi anampigia diwani, diwani anampigia mkurugenzi, na mchana huo huo mwalimu mkuu anatakiwa kueleza kwa maandishi kwa nini anafukuza watoto wakati elimu ni bure. Akiacha kabisa kupika, ripoti ya lishe ya wilaya inamtaja kwa jina la shule.

Kila mkubwa aliyempigia simu siku hiyo yuko sahihi. Yeye tu ndiye mwenye makosa.

Ujenzi ndio ulionifanya niandike makala hii. Mwaka 2021 serikali ilipata mkopo wa IMF wa Sh trilioni 1.3 wa kukabiliana na UVIKO-19, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari, 3,000 ya shule shikizi. Sh milioni 20 kwa kila darasa, yawe tayari kabla watoto hawajaingia kidato cha kwanza Januari. Yalijengwa, na wanasiasa walikata utepe kwa haki. Lakini nani aliyajenga? Hakuna mkandarasi. Kuna force account, ambayo tafsiri yake kijijini ni kwamba mkuu wa shule ndiye mwenye mradi.

Nilimtembelea mkuu mmoja wa sekondari ya kata msimu ule. Mezani kwake hapakuwa na ratiba ya vipindi wala andalio la somo. Palikuwa na nukuu tatu za bei ya nondo, leja ya stoo, risiti za EFD zilizoanza kufifia, na mihtasari ya kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi. Kamati zote tatu ni walimu wale wale na wazee wa mtaa, wakibadilishana tu viti. Mkuu huyo ni mwalimu wa Kemia, tena pekee. Kidato cha nne walikuwa mlangoni mwa mtihani wa taifa. Yeye alikuwa nje amesimama nyuma ya lori, kalamu sikioni, anahesabu mifuko ya saruji mmoja mmoja, maana ikipungua miwili TAKUKURU haitamtafuta dereva. Kila mtu wilaya nzima alikuwa akitafuta saruji, nondo na mafundi wiki zile zile, hivyo fundi aliyekubaliana naye Jumatatu alikuwa ameshahamia kata ya jirani Alhamisi. Usiku hakulala sawasawa. Aliniambia simu ya mlinzi ikiita baada ya saa sita, moyo unamwambia nondo zimeguswa.

Nikamuuliza Kemia anafundisha saa ngapi. Akacheka.

Ripoti za CAG mwaka hadi mwaka zinataja dosari za force account: nyaraka pungufu, manunuzi yasiyofuata taratibu, kazi chini ya kiwango. Tunazisoma tukitingisha vichwa, tunasema walimu wamekula. Waliokula wapo na wafungwe. Lakini mwalimu wa Kemia aliyekosea fomu ya manunuzi ametumwa kufanya kazi ambayo halmashauri ina mhandisi na afisa manunuzi waliosomea na wanaolipwa kuifanya, watu wenye gari, wanaokuja kukagua msingi ukiwa umeshamwagwa zege. Kwa kubeba yote hayo, mkuu wa sekondari ana posho ya madaraka ya Sh 250,000 kwa mwezi; wa msingi, Sh 200,000. Siidharau, ilipoanza kulipwa 2016 ilikuwa faraja ya kweli. Ila msimamizi gani wa ujenzi angekubali kusimamia madarasa manne kwa fedha hiyo, huku akifundisha vipindi na kuhudhuria misiba ya jumuiya?

Halafu mifumo. FFARS ya hesabu. NeST ya manunuzi. PReM ya usajili wa wanafunzi wa msingi. SIS ya taarifa za shule. PEPMIS ya kupima utendaji, ambamo kila mtumishi anajaza majukumu yake na bosi wake anayapitia. Kila mmoja una neno lake la siri na afisa wake anayeandika kwenye kundi saa nne usiku: shule zifuatazo hazijajaza, mwisho kesho saa mbili asubuhi. Vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 vilipogawiwa walimu, tuliambiwa kazi imekuwa nyepesi. Bando anajinunulia. Mtandao anaufuata kilimani. Na baada ya kuingiza idadi ya madawati kwenye mfumo, anaombwa idadi hiyo hiyo kwa WhatsApp, kisha kwa karatasi, nakala mbili, zipelekwe kwa mkono kwa Afisa Elimu Kata. Sina ugomvi na teknolojia. Nina ugomvi na ofisi zinazoomba takwimu kwa sababu zimekosa kazi nyingine ya kufanya.

Walimu je? Hao wanaripoti tu kwake. Mwenye barua anakuja na begi, na mwenye barua nyingine anaondoka katikati ya muhula akifuata mwenza. Shule inabaki na walimu wanne wa Historia na wa Fizikia hakuna, mkuu anaandika "upungufu wa walimu wa sayansi" kwenye kila taarifa ya robo mwaka, na taarifa inasifiwa kwa kuwahi. Mwalimu akiwa mtoro, sheria inamruhusu mkuu kutoa onyo na karipio. Makosa mazito yanakwenda Tume ya Utumishi wa Walimu, ambako faili linasafiri kwa mwendo wake. Utoro wa rejareja, ule wa leo nipo kesho sipo, ni mgumu kuuthibitisha na mwepesi kuuendeleza, hasa mtoro akiwa na mjomba halmashauri. Mkuu mwenye akili hujifunza haraka ni nani wa kuguswa na nani wa kusalimiwa.

Na nani aliyemfundisha haya yote? Hakuna. Pale Bagamoyo kuna ADEM, Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, mrithi wa MANTEP ya zamani. Chuo kipo, stashahada ya uongozi na utawala wa elimu ipo, wakufunzi wapo. Lakini mtu anateuliwa kwanza, na kusoma kunakuja baadaye kama kutakuja, mara nyingi kwa fedha yake mwenyewe. Mwalimu anafundisha Hisabati mpaka watoto wanaipenda. Jumatatu anapata barua ya uteuzi. Ijumaa anakabidhiwa mhuri, funguo na kitabu cha hundi, na makabidhiano yenyewe ni kurasa mbili ambamo madeni ya mtangulizi hayamo. Siku hiyo watoto wamepoteza mwalimu wa Hisabati na shule haijapata kiongozi. Jeshi halimpi mtu kikosi kabla hajapita kozi. Shule yenye watoto 1,500 tunampa mtu kwa kuwa alikuwa mwalimu mzuri wa taaluma, au kwa kuwa ni mtulivu, au, tusifichane, kwa kuwa hana maneno mengi. Miradi ya wafadhili huja na semina nzuri za siku nne, zenye begi na daftari. Mradi ukifungwa, semina nazo zinafungwa.

Nisije nikadhaniwa nawatetea wote. Yuko mkuu anayefika saa nne na kuondoka saa sita. Yuko ambaye sare ya shule inauzwa duka moja tu, la mkewe. Yuko anayempa zamu mwalimu asiyempenda wiki tatu mfululizo, na anayeweka kambi ya mtihani kwa fedha za wazazi kisha hesabu zake hazisomwi popote. Hao nawajua, na wewe unawajua. Jiulize tu kwa nini wanadumu. Wanadumu kwa sababu wanajua kupokea wageni. Ziara ikitangazwa, kuta zinapakwa rangi kwa mbele, mawe ya njiani yanapigwa chokaa, watoto wanafundishwa wimbo, kuku wa kienyeji wanachinjwa. Mwenzake aliyejifungia darasani na watoto wa darasa la pili wasiojua silabi haonekani kwenye picha. Mwaka huo huo mpokea wageni anahamishiwa shule ya mjini.

Hofu nayo ina matunda yake. Oktoba 2018 Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya darasa la saba ya shule zote za Halmashauri ya Chemba mkoani Dodoma kwa udanganyifu, na watoto wakarudia mtihani. Halmashauri nzima! Shule moja ikiiba, tunasema mkuu wake ana tamaa. Ikiwa halmashauri nzima, basi tusiulize juu ya tamaa ya mtu. Tuulize watu wazima wale walikuwa wanaogopa nini hata wakaona wizi ni salama kuliko kushika mkia. Januari 2023 Baraza hilo liliacha kutangaza shule kumi bora, uamuzi wa busara. Mikoani na wilayani orodha bado zinabandikwa, na vikao vya kusimamishana bado vinaitishwa.

Sehemu ya tatizo ni kwamba mwalimu mkuu ana mabwana wengi na wote hawaketi chumba kimoja. Sera na mtaala ni vya Wizara ya Elimu. Shule ni za TAMISEMI. Mthibiti ubora anatoka wizarani, anakaa siku mbili, anakuta darasa la kwanza lina watoto 140, anaandika kwamba uongozi wa shule uhakikishe uwiano unaokubalika unazingatiwa. Uuhakikishe kwa tofali gani? Nakala inakwenda kwa mkurugenzi, ambaye analo tofali, naye anaigongea mhuri wa "imepokelewa". Kuanzia hapo ni ushahidi dhidi ya mwalimu mkuu.

Wakuu wenyewe nao wana vyama, TAHOSSA wa sekondari na TAPSHA wa msingi. Nimeshasikiliza risala za mikutano mikuu za kutosha. Zinaanza na shukrani, zinapita kwenye "changamoto chache" na kumalizia kwa shukrani. Ndugu zangu, changamoto chache zipi? Mnaogopa kusema mbele ya waziri mnayosemezana kwenye foleni ya chakula?

Ninachotaka si cha ajabu. Ujenzi urudi kwa mhandisi wa halmashauri, ajibu yeye kwa nondo na zege, mkuu wa shule abaki shahidi wa mapokezi. Kila kata ipate mhasibu wa kuhudumia shule zake, ili mwalimu aache kufanya malipo kwa kubahatisha. Asiteuliwe mtu kabla hajapita ADEM kwa gharama ya serikali, na akishateuliwa apewe sauti ya kweli juu ya nani anaingia na nani anatoka kwenye chumba chake cha walimu. Ile Sh 10,000 ihesabiwe upya kwa bei za leo. Na mkuu wa wilaya mwenye hasira na matokeo aende shuleni akakae darasa la tatu kutwa nzima, bila kamera.

Haraka ninayo kwa sababu maalumu. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024, kufuatia Sera ya Elimu ya 2014 Toleo la 2023, umeifanya elimu ya msingi kuwa miaka sita. Walioingia darasa la tatu mwaka huo wanamaliza la sita 2027. Waliokuwa la nne wanamaliza la saba mwaka huo huo. Januari 2028 makundi mawili yatafika kidato cha kwanza kwa pamoja, na najua tayari itakavyokuwa: mabilioni yatatumwa Oktoba, madarasa yatakiwe Desemba, na mwalimu wa Kemia arudi nyuma ya lori.

Bajeti ya TAMISEMI husomwa bungeni Dodoma kila Aprili. Mbunge wako atasimama kuunga mkono hoja asilimia mia moja. Kabla hajasafiri, mpigie simu umuulize fungu la wahasibu wa shule liko ukurasa gani, na la mafunzo ya wakuu limetengewa shilingi ngapi.